Mgonjwa Haulizwi Uji?



Wazee wetu walituachia mithali mbili zinazovutana, na kila mtu hushika ile inayomfaa siku hiyo. Ya kwanza yasema, mgonjwa haulizwi uji. Yaani, jambo la lazima halingoji shauri. Pika uji, mpe anywe. Ya pili yasema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yaani, usijifanye mjuzi wa taabu ambayo haijakugusa.

Nataka tuzitumie mithali hizo kupima jambo moja la siku hizi, nalo ni mikutano ya wataalamu juu ya dawa za kulevya. Mikutano hiyo ni mingi. Kila mwaka wajumbe wa mataifa hukutana Vienna, katika kamisheni ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa hizo. Mwezi Desemba 2018 wataalamu wa kinga na tiba walikusanyika hapa jirani, Nairobi. Hali kadhalika iko mikutano, semina na warsha za mkoa na wilaya, hasa inapokaribia tarehe 26 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1987 kwa ajili ya kupiga vita matumizi mabaya na biashara ya dawa hizo. Katika mikutano hiyo huzungumzwa mambo matatu: namna ya kuwakinga vijana, namna ya kuwatibu waliokwisha kunaswa, na sheria gani zitungwe.

Swali langu ni moja. Je, ni haki watu wenye ujuzi wakae na kukata shauri juu ya mtu ambaye hayumo chumbani?

Lisidhaniwe kuwa ni swali la watu wa mbali. Sisi wa Handeni na Korogwe twakaa kandokando ya barabara kuu. Malori ya kwenda bara na mabasi ya Moshi na Arusha hupita Mkata, Kabuku na Segera usiku na mchana, na abiria hushuka Korogwe kula chakula. Pamoja na mahindi, machungwa na saruji, hupita pia vitu visivyoandikwa katika hati za mzigo. Mwaka 2010 shehena ya heroini, uzito wake ukizidi kilo 90, ilikamatwa Kabuku, ndani ya wilaya ya Handeni. Mzigo kama huo haukuwa wa kuuzwa Kabuku. Lakini bidhaa ipitayo njiani haikosi kumwagika kidogo hapa na pale, na wana wetu waliokwenda kutafuta kazi Tanga na Dar es Salaam wengine wamerudi nayo ndani ya damu. Bangi na mirungi twazijua tangu zamani, na gongo haihitaji barabara kuu ili ifike.

ASKOFU ALIYEOMBA MKUTANO

Yafaa Waanglikana tujue kwamba mkutano wa kwanza wa mataifa juu ya jambo hili ulitokana kwa sehemu kubwa na juhudi za askofu wa ushirika wetu. Charles Henry Brent, mzaliwa wa Kanada, alikuwa Askofu wa Kanisa la Episkopali katika visiwa vya Filipino, ambavyo wakati huo vilitawaliwa na Marekani. Huko aliona jinsi afyuni, ndiyo kasumba, ilivyowamaliza watu na jinsi serikali zilivyojipatia fedha kwa kuiuza. Kuanzia mwaka 1903 alikuwa mmoja wa watu watatu wa tume iliyozunguka nchi za Asia kuchunguza jambo hilo. Mwaka 1906 alimwandikia Rais Roosevelt wa Marekani, akimsihi aziite nchi nyingine wakae pamoja. Mwezi Februari 1909 nchi 13 zikakutana Shanghai, na Askofu Brent ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Aliongoza pia mkutano uliofuata The Hague, ambako mwezi Januari 1912 ulitiwa saini mkataba wa kwanza wa kimataifa juu ya afyuni.

Je, alifanya vibaya? La. Kama angengoja kila mvutaji wa afyuni aombe msaada, meli za wauzaji zingeendelea kushusha masanduku hata leo. Serikali zilizokuwa zikitajirika kwa udhaifu wa watu zilihitaji mtu wa kuzikemea, na mtu huyo hakuhitaji kuwa mvutaji. Hapo mithali ya uji ina nguvu zake zote.

Lakini tutazame yaliyofuata. Marekani ilitunga sheria yake mwaka 1914, na mwaka 1919 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba daktari haruhusiwi kumwandikia mtu dawa ya jamii ya afyuni kwa ajili tu ya kumtuliza uraibu wake. Madaktari wengi wakashtakiwa. Kliniki zilizokuwa zimefunguliwa katika miji mbalimbali zikafungwa. Mtu aliyekuwa mgonjwa mbele ya daktari wake akawa mhalifu mbele ya askari, na pahali pekee palipobaki pa kupata alichokihitaji pakawa uchochoroni. Ilichukua zaidi ya miaka 40 hata madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander, katika miaka ya 1960 huko New York, walipothubutu kuwatibu watu hao kwa methadoni na kuonyesha kwamba waweza kurudi kazini na nyumbani.

Wote waliotunga sheria hizo hawakuwa watu wabaya, na wengi wao walitaka kuokoa. Ila katika mnyororo ule mrefu, kutoka mkutano hata mkataba, kutoka mkataba hata sheria, na kutoka sheria hata pingu, hapakuwa na kituo ambapo mtu alilazimika kugeuka na kumwuliza yule anayeokolewa, "Hali yako imekuwaje tangu tulipoanza kukuokoa?"

Mwezi Juni 1998 mataifa yalikutana tena New York, yakajiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2008 kilimo haramu cha afyuni, koka na bangi kiwe kimekomeshwa au kimepunguzwa sana. Mwaka 2008 ulifika ukapita, na mashamba yalikuwa yangali yakilimwa.

WALIPOULIZWA

Sasa tuutazame upande wa pili. Mwaka 1984, mjini Amsterdam, ilianzishwa huduma ya kubadilishana sindano, mtu alete iliyotumika apewe safi. Watu wa kwanza kuidai hawakuwa maprofesa. Walikuwa watumiaji wenyewe, waliokuwa na chama chao, nao walidai hivyo kwa kuwa homa ya manjano ya ini ilikuwa ikiwamaliza. UKIMWI ulipojulikana kuwa huenea kwa njia hiyohiyo, dunia ikatambua kwamba watu wale waliodharauliwa walikuwa wamegundua jambo kubwa.

Mfano mwingine ni wa hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 2000 watafiti walikaa Dar es Salaam na wanawake waliokuwa wakijidunga heroini, wakawasikiliza. Ndipo waliposikia jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Mwanamke aliyekwisha kujidunga alikuwa akivuta damu yake mwenyewe kwa bomba la sindano na kumpa mwenzake asiye na fedha, ili naye ajidunge, kwa kuamini kwamba ndani ya damu ile imebaki dawa ya kutosha kumtuliza arosto. Jambo hilo latisha, kwa kuwa mtu hawezi kubuni njia fupi zaidi ya kupeana virusi vya UKIMWI. Lakini ndani yake mna kitu kingine pia. Mwenye shida alimhurumia mwenye shida, akampa alichokuwa nacho, nacho kilikuwa damu. Mtaalamu gani angelijua hilo kwa kukaa ofisini?

Taarifa iliyochapishwa mwaka 2005 ilieleza desturi hiyo, na habari za namna hiyo zilisaidia watu kuelewa kwamba kuwakamata peke yake hakutoshi. Mwezi Februari 2011 kliniki ya kwanza ya methadoni katika nchi yetu ilifunguliwa Muhimbili. Baadaye huduma ikaenea mikoani, hata Tanga katika hospitali ya Bombo. Methadoni ni dawa ya jamii moja na heroini, lakini hukaa mwilini muda mrefu na, ikitolewa kwa kipimo cha daktari, huzuia arosto bila kumlewesha mtu. Hunywewa, haidungwi; na kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu.

Zingatieni maneno hayo, kila siku. Katika mkutano mtu aweza kusimama na kusema, kwa haki kabisa, kwamba huduma ipo mkoani Tanga. Wajumbe watapiga makofi. Lakini kutoka Korogwe mpaka Bombo ni karibu kilomita 100, na Handeni ni mbali zaidi. Kijana wa kijiji cha ndani, asiye na kazi, atapata wapi nauli ya kwenda na kurudi kila siku ya Mungu? Naye akihamia Tanga mjini ili awe karibu na dawa, atakuwa pia karibu na wauzaji. Ukweli huo haumo katika takwimu za mkoa. Umo katika kinywa cha kijana huyo, na kama hayumo chumbani haujulikani.

SHAHIDI SI HAKIMU

Najua jibu litakalotolewa, na ni jibu zito. Watasema, mtu huyu hana nia tena. Ulimi wake unasema, lakini anayesema ni unga. Ataapa kwa jina la mama yake, kisha jioni auze sufuria ya mama yake. Utamwulizaje mtu wa namna hiyo?

Jibu langu ni kwamba tusichanganye mambo mawili. Kumwuliza mtu si kumkabidhi hukumu. Katika baraza shahidi si hakimu. Hatumwulizi mlevi wa heroini kama heroini iuzwe dukani, kama vile hatumwulizi mgonjwa wa malaria kipimo cha dawa. Twamwuliza mambo anayoyajua yeye kuliko sisi. Alianzaje? Nani alimpa ya kwanza, na kwa bei gani? Alipojaribu kuacha, ni siku ya ngapi ilimshinda? Alipokwenda hospitali, alipokewaje mlangoni? Ushuhuda haudai kwamba shahidi awe mwema. Hata mwizi aweza kutuonyesha mahali ukuta ulipotoboka, na mwenye nyumba mwenye akili atamsikiliza kabla ya kumwita fundi.

Tena si kweli kwamba nia yake imekufa. Imefungwa, na kufungwa ni jambo jingine. Juu ya milima ya Usambara, katika wilaya yetu ya Korogwe, iko hospitali ya magonjwa ya akili ya Lutindi, ya ndugu zetu Walutheri. Ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani; wagonjwa wa akili wakaanza kupokewa mwaka 1904. Mimi naona maana kubwa katika nyumba moja kupokea watu wa aina hizo mbili, mmoja aliyefungwa na watu, mwingine aliyefungwa na maradhi. Mtu wa mnyororo hana uhuru wa kutembea, lakini hajapoteza ulimi. Tungemwona mpumbavu mtu ambaye angesema kwamba mtumwa asiulizwe habari za utumwa kwa sababu si mtu huru.

Vijana wetu huwaita watu hawa mateja. Neno hilo lafaa tulifikiri. Mteja, katika Kiswahili cha wazee, ni mtu aliye mikononi mwa mganga. Mteja wa dukani ni mnunuzi. Basi mtu mmoja ana wawili wanaomwita mteja wao, muuza unga na tabibu. Muuza unga amjua sana. Ajua anaamka saa ngapi, leo ana shilingi ngapi, arosto itamshika lini, amegombana na nani nyumbani. Hakuhitaji mkutano ili ajue hayo, kwa maana humwuliza kila siku. Je, tabibu, mshauri, padre na mtunga sheria wamjua kiasi hicho? Kama hawamjui, si ajabu kwamba kila siku humrudia yule anayemjua.

Bwana wetu alipoitwa na kipofu Bartimayo kando ya njia ya Yeriko, watu walimkaripia anyamaze. Kila mtu aliona kwamba ni kipofu. Hata hivyo Bwana alimwuliza anataka afanyiwe nini. Hakuuliza kwa kutojua. Aliuliza kwa sababu aliyekuwa mbele yake ni mtu.

WENGINE WASIO NA KITI

Lakini haki itutake twende mbele zaidi. Mtumiaji si peke yake asiyekuwa na kiti. Yuko mama aliyeuziwa sufuria, kanga na mabati. Yuko mke aliyeachiwa watoto. Yuko jirani aliyeibiwa kuku na baiskeli, naye hana mkutano wowote unaomwuliza. Wapo wanaozungumza juu ya huruma kwa mtumiaji kana kwamba hasara ya watu hawa ni hadithi. Huruma ya namna hiyo hulipwa na mfuko wa mtu mwingine. Kama twasema kitanda kiulizwe kwa aliyekilalia, basi mama huyo naye amelalia kitanda hicho, na kunguni wake awajua.

Wala tusiwadharau wataalamu wenyewe. Ni rahisi kucheka mikutano, posho zake, mifuko na fulana zake, na maazimio yanayofungiwa kabatini. Lakini bila wataalamu kukutana na kupeana ujuzi, methadoni isingefika Muhimbili wala Bombo, na wauguzi wetu wasingejua kwamba arosto ni ugonjwa wa mwili wenye matibabu. Nia njema peke yake haitengenezi dawa. Mimi sitaki mikutano ipungue, nataka milango yake ifunguliwe. Hapa Tanzania watumiaji na waliokuwa watumiaji wamekwisha kuunda mtandao wao, nao wanapoalikwa husema mambo ambayo wengine hawayajui. Basi wakialikwa, wasiwekwe mwisho wa ratiba, wakati wajumbe wanatazama saa.

KIKAO CHA NYUMBANI

Tusiwanyoshee vidole watu wa Vienna na Nairobi tukajisahau. Sisi nasi tuna mikutano yetu juu ya dawa za kulevya, ila hatuiiti hivyo. Kijana amerudi kutoka mjini, amekonda, vitu vinapotea. Wajomba na mashangazi wanaitwa. Mikeka inatandikwa, chai inapikwa, maneno yanasemwa. Mmoja ataka apelekwe polisi, mwingine ataka apelekwe kwa mganga, mwingine kwa padre aombewe, mwingine ataka aozwe mke atulie. Shauri linakatwa. Kijana mwenyewe yuko nyuma ya nyumba, amekaa chini ya mwembe, anasikia sauti tu. Baadaye anaitwa aambiwe yaliyoamuliwa.

Kisha akishindwa twasema, "Tulimsaidia, hakusaidika." Yamkini tulimsaidia katika jambo ambalo halikuwa shida yake.

Halmashauri ya mtaa nayo ina jaribu hilohilo. Tukitaka kusema neno juu ya vijana wa gongo au wa bangi, nani kati yetu amekwenda kukaa nao saa moja kabla ya kikao? Umoja wa Mama mara nyingi wajua zaidi kuliko sisi, kwa kuwa wao huingia nyumba zenye shida. Lakini taarifa yao husomwa upesi ili tufike kwenye bati za kanisa.

Kwa hiyo natoa vipimo vitatu, vya mkutano wowote, uwe wa mataifa au wa ukoo. Kwanza, je, yupo chumbani mtu anayeweza kutuambia kwamba tumekosea, kwa sababu jambo hili limempata yeye? Pili, je, tumeweka siku ya kurudi kwake na kumwuliza kama tulichoamua kimemfaa au kimemdhuru? Tatu, je, yuko tayari mmoja wetu kutembea naye, kumpeleka hospitali na kungoja naye mlangoni, au tumeamua tu kisha twaenda kula?

Mithali ya uji nayo ibaki na heshima yake. Aliyezirai haulizwi, hunyweshwa. Mtoto asiyejua hatari huondolewa penye hatari kwanza. Wauzaji nao hawangojwi wakubali ndipo wakomeshwe. Lakini mgonjwa wa siku nyingi, aliyekwisha kunywa uji wa watu wengi na bado hajapona, wakati umefika aulizwe. Huenda tatizo si uji. Huenda koo lauma, naye hakuna aliyewahi kumwambia afungue kinywa.